Damu 7, na bado anakimbiza mpira

Mama, Ujiji: Mwanangu wa miaka 10 amepimwa wekundu wa damu, ikaonekana 7. Mbona anacheza mpira kama wenzake? Au kipimo kimekosea?

Huenda hakijakosea, mama. Himoglobini, ndiyo huo wekundu, hubeba oksijeni kutoka mapafuni. Kubeba si tatizo, tatizo ni kuitua. Ndani ya chembe nyekundu mna molekuli ndogo iitwayo bisifosfogliserati. Sisi wa maabara twaiita BPG, ulimi upumzike. Ifananishe na mnyapara wa bandarini hapa Kigoma: kuli akizubaa na gunia begani, anamkemea, "Tua!" BPG hujipachika katikati ya himoglobini, nayo ikaachia oksijeni kwa urahisi misulini. Damu ikipungua polepole, tuseme kwa minyoo au kukosa madini ya chuma, chembe hutengeneza BPG zaidi. Makuli ni wachache, ila kila mmoja anatua mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo maana mwanao anakimbia.

Lakini 7 kwa umri huo ni upungufu mkubwa. Malaria ikimpata, damu yaweza kushuka ghafla, na BPG haipandi kwa dakika. Mpeleke hospitali kitafutwe chanzo. Usingoje aanze kuhema juu juu.

Baba, Kasulu: Basi hata mwenye selimundu inamsaidia?

Hapo mnyapara anaharibu kazi. Wagonjwa wa selimundu BPG yao huwa juu, kumbe himoglobini yao ikishaachia oksijeni ndipo inaposhikamana na kuikunja chembe kama mundu. Msaada uleule unachochea ugonjwa. Ndiyo sababu watafiti wanahangaikia dawa za kuishusha BPG.

Kijana, Mwanga: Nasikia damu ya jokofuni ni "mfu". Mama yangu akiandikiwa, tukatae?

Msikatae. Ni kweli BPG huisha karibu yote damu ikikaa jokofuni wiki 2 hivi. Ila chembe zenyewe zingali hai: zikiingia mwilini huanza kuitengeneza upya, na baada ya siku 2 au 3 inakaribia kawaida. Hata kabla ya hapo zinabeba oksijeni, ingawa zina uchoyo kidogo wa kuitoa.

Msomaji, Kibondo: Juisi ya rozela inaongeza hiyo BPG?

Hapana. Chembe huitengeneza yenyewe kutokana na sukari ya kwenye damu. Rozela kunywa kwa kiu, hata mimi naipenda.