Maswali yenu kuhusu Venus wa Rubens na kioo chake

Nimeletewa maswali mengi ya picha moja, ile ya Rubens, mchoraji wa Antwerp, ambayo Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, kakaa ametupa mgongo, anapambwa mbele ya kioo. Aliichora kama 1614 au 1615, na ni mali ya ile familia ya kifalme ya Liechtenstein, kale kanchi kadogo ka Ulaya.

Huyu si ndo yule aliyekatwakatwa London?
Siyo. Yule ni Venus wa Velázquez, mchoraji wa Hispania, na Mary Richardson, mwanaharakati wa kura za wanawake, ndo aliikata picha hiyo kwa kisu cha bucha mwaka 1914. Swali hili linarudi kila mara, jamani someni jina la mchoraji kabla hamjashea.

Mbona kamchora mnene hivi?
Kwa sababu enzi zile mwili wenye nyama ndo ulikuwa uzuri. Angalieni basi alivyoichora hiyo ngozi, muache kupima kiuno.

Anajiangalia mwenyewe au anatuangalia sisi?
Anatuangalia sisi! Mwanawe Cupid kashika kioo na sisi tunauona uso wake ndani, sasa kama wewe unayaona macho yake kiooni basi na yeye anayaona yako kiooni hapohapo, mwanga unapita njia ileile kwenda na kurudi. Jaribuni nyumbani na mtu mwingine mtaona. Rubens alikaa Italia toka 1600 mpaka 1608, akamsoma sana Titian, mchoraji wa Venice, ambaye naye alishamchora Venus na kioo, ila huyu wa Rubens katugeuzia mgongo na bado katukamata kwa macho, na mimi hapo ndo naona ukubwa wa kazi yake.

Nina chumba kidogo, kopi ya saizi gani inafaa?
Yenyewe imechorwa kwenye mbao, kama sentimita 124 kwa 98, chukua nusu yake inatosha. Ila usinunue iliyokatwa pembeni, na sababu naisema kwenye swali linalofuata.

Yule dada mweusi nyuma ni nani?
Hatimaye mtu kauliza! Hatumjui jina. Ni mtumishi, ndo anayemshika Venus nywele, yaani kazi yote ya kupamba iko mikononi mwake, halafu watu wanaandika kurasa na kurasa za mungu wa kike na yeye hawamgusi. Antwerp ya wakati ule, huko Ubelgiji ya leo, ilikuwa mji wa bandari na biashara, na Waafrika walikuwepo, wengine waliletwa na wafanyabiashara wa Kireno. Wachoraji walipenda kumweka mtu mweusi karibu na mungu wao wa kike ili weupe wa huyo mungu uzidi kung'aa, Titian alifanya hivyo kwa Diana, mungu wa kike wa uwindaji, na mimi nasema huko ni kumtumia mtu kama rangi tu. Na msiniambie Rubens hakujua kumchora mtu mweusi, nendeni mkaone ile kazi yake iliyoko Brussels, vichwa vinne vya mwanaume mweusi, kila kimoja na hali yake, anacheka, anawaza. Alijua kabisa. Kwa hiyo ukikutana na kopi iliyomkata huyu dada, usiinunue na usiishee.