Niambieni njia na mzigo kwanza: maswali yenu ya baiskeli

Shikamoo fundi. Nataka baiskeli ya kubebea asali toka msituni mpaka Sikonge mjini, madumu manne ya lita 20. Nichukue ya gia 21 yenye shoki apu, au ile ya magurudumu ya inchi 28? (Sikonge)

Marahaba. Wewe angalau umetaja mzigo. Wengi wananiuliza "baiskeli gani nzuri?" kana kwamba wote tunapita njia moja.

Sasa tuupime huo mzigo. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji, dumu lilelile likijaa linafika kama kilo 28. Manne yanapita kilo 110, na wewe mwenyewe bado hujapanda. Hizo ni safari mbili, ndugu yangu, si moja.

Chukua ya 28. Fremu yake ni ndefu, keria inabeba, na gurudumu la nyuma kwa kawaida lina spoku 40 wakati la mbele lina 32. Zihesabu kabla hujatoa hela. Shoki apu za bei rahisi zinakunywa nguvu zako kila unapokanyaga pedali, na zikilegea usukani unacheza. Ubaya wa 28 ni tairi jembamba: ukiacha lami ukaingia mchangani, utashuka usukume. Bila mzigo unaweza kupunguza upepo kidogo. Ukiwa na mzigo usithubutu! Gurudumu likigonga mzizi, ringi inabana tyubu na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana. Na breki za vyuma zikilowa hazishiki, kwa hiyo mteremkoni tembea.

Ringi yangu ni 26, nimenunua tairi 26, halikai. Nimeibiwa? (Urambo)

Hujaibiwa, hukusoma. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Tairi la baiskeli ya mlima, 26 x 1.95, linakaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 559. La mtumba wa Japani, 26 x 1⅜, ni 590. Angalia ubavuni mwa tairi, tarakimu tatu za mwisho: 50-559, 37-590. Nenda dukani na tairi lako kuukuu mkononi, usiende na namba ya kichwani.

Wa 27 na 28 nao wasikie: 630 na 635. Tofauti ni milimita tano, ndiyo maana mafundi wengine wanalilazimisha kwa bisibisi na kukuchania tyubu. Fundi akianza hivyo, chukua baiskeli yako uondoke.

Naweza kupaka cheni oili chafu ya gari? (Tabora mjini)

Hapana. Inashika mchanga, na mchanga unakula meno.

Binti yangu anavuka mbuga kwenda shule. Mvua zikinyesha magurudumu yanaganda. Nifanyeje? (Igunga)

Mama, toa madigadi zote mbili msimu wa mvua. Udongo mweusi unajaa kati ya madigadi na tairi mpaka gurudumu haligeuki, na mtoto akikanyaga kwa nguvu cheni inakatika. Afunge kijiti kwenye fremu cha kukwangulia. Kukiwa na njia ya kichanga ya kuzunguka, apite huko hata kama ni ndefu.

Tena umpime. Akikaa kwenye kiti, vidole vya miguu yote miwili viguse chini. Wazazi mnanunua kubwa mkisema atakua nayo, halafu mtoto anaendesha akiwa amening'inia, breki hazifikii. Kama hafiki, shusha kiti leo hii.