Dada, mtoe huyo bata mzinga friza sasa hivi, mengine baadaye

Umeuliza mambo manne: kama ni halali kwa Mkristo kusherehekea Thanksgiving, hii Alhamisi ya shukrani ya Wamarekani, ibada ya nyumbani muipange vipi, watoto muwaambie nini kuhusu historia ya siku yenyewe, na wageni muwaalike wangapi. Halafu mwisho kabisa, kama kitu cha kupita tu, ukaandika kwamba bata mzinga wa paundi 20 yuko friza na mumeo atamkaanga kwenye mafuta Alhamisi asubuhi hapo barazani, ili mkimaliza ibada mumkute tayari.

Nimesoma hiyo sentensi niko kazini, ikabidi nitoke nje nikapunge upepo.

Leo ni Jumatatu usiku. Bata aliyeganda anataka saa 24 ndani ya friji kwa kila paundi nne au tano. Piga hesabu mwenyewe: wa paundi 20 ni siku nne mpaka tano. Alitakiwa ahamie friji Jumamosi. Jumamosi, dada! Siyo Jumatano jioni, siyo Alhamisi alfajiri kwa maji ya moto.

Najua kwa sababu mimi ndiye yule baba aliyechoma baraza.

Ilikuwa mwaka wetu wa pili hapa Houston, apatimenti ghorofa ya pili. Nilikuwa nimeandaa ibada ya shukrani ya nguvu, ratiba nimeichapa kabisa, na wageni 30 wamethibitisha. Sasa kuna kaka mmoja wa kwaya yetu, anaimba besi, na kwa vile sauti yake ni nzito watu hudhani na maneno yake yana uzito. Akaniambia, "Mkuu, bata mzinga ni kuku aliyeshiba tu. Asubuhi mtoe friza, mwagie maji ya moto, mtumbukize kwenye mafuta, dakika 70 kazi imeisha." Mimi nikamwamini. Miezi mitatu baadaye nikaja kujua kwamba huyo mtu hajawahi kukaanga hata yai nyumbani kwake, aliona video. Na siku yenyewe unajua alikuja na nini? Hotpoti mbili tupu. Za kubebea.

Basi asubuhi nikammwagia maji ya moto kama nilivyoelekezwa (kitu ambacho nacho hakifai, nyama ya juu inakaa kwenye joto la kuzalisha vijidudu huku ya ndani bado jiwe). Nikabonyeza kidari kwa kidole gumba, kikabonyea. Nikasema yuko tayari kukaangwa. Sikuingiza mkono tumboni. Ningeuingiza ningekuta kale kamfuko ka karatasi wanakoweka shingo na firigisi kameganda humo ndani kama tofali, na barafu imeshika mbavu zote.

Saa tano kasoro, sebuleni wameanza pambio. Mimi niko barazani na jiko la gesi, sufuria ndefu, mafuta yamefika nyuzi 350 za Farenhaiti, yaani kama 177 za Selsiasi. Nikamshusha.

Sekunde mbili hakuna kitu. Halafu ikaanza sauti kama mvua kubwa kwenye bati.

Nikueleze kinachotokea, umwelezee na shemeji. Barafu ikikutana na mafuta ya joto lile inageuka mvuke papo hapo, na maji yakiwa mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke hauna pa kwenda ila juu, na unapanda na mafuta. Mafuta yanafurika, yanateremka ubavuni mwa sufuria, na pale chini moto wa gesi unayasubiri. Eliya pale Karmeli alimwagia sadaka maji na moto ukashuka. Mimi yangu ilikuwa na barafu, nao moto ukapanda. Tulikuwa tunauombea moto kweli, ila siyo ule.

Mke wangu akatoka mbio na ndoo ya maji. Hapo ndipo nilipopiga ukelele ambao mpaka leo wazee wa kanisa wanauigiza kwenye harusi. USIMWAGE MAJI kwenye moto wa mafuta, ni kuuongezea tu. Nilifanikiwa kufunga gesi, nikaungua nywele za mkono na nyusi moja, tukatoka wote, zimamoto wakaja. Nyusi ilirudi. Baraza ilikuwa ya mbao.

Bata alinigharimu dola 16. Mwenye nyumba alinidai dola 2,340, na alinionyesha ukurasa wa mkataba unaokataza jiko la moto barazani, na saini yangu iko chini yake inatabasamu.

Jirani yetu wa chini, mzee wa Louisiana, kwao ndiko hasa kwenye huo mchezo wa kukaanga bata mzima, alisimama na mimi pale maegesho akaniambia yeye hukaanga kila mwaka: bata mdogo, asiyezidi paundi 12, ameyeyuka mpaka ndani, amekaushwa na taulo, uwanjani kwenye zege mbali na nyumba. Hakunicheka, Mungu ambariki. Akatuletea sinia la viazi vitamu vyenye zile pipi nyeupe laini juu. Mwanangu akauliza kwa nini wamepaka viazi povu la sabuni.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Usiku huu huu mhamishie friji, kwenye trei, shelfu ya chini, asije akachuruzikia mboga. Jumatano jioni ingiza mkono tumboni. Ukikuta barafu, mtie kwenye maji ya BARIDI akiwa ndani ya mfuko wake usiovuja, badilisha maji kila nusu saa. Kwa njia hiyo ni nusu saa kwa kila paundi iliyobaki imeganda, kwa hiyo usipange kulala mapema. Akishayeyuka tu apikwe, asisubiri. Na apikwe kwenye ovena, nyuzi 325 za Farenhaiti, saa nne na nusu hivi kama hujamjaza kitu tumboni. Nunua kipimajoto cha nyama, cha dola 10 kinatosha: kidarini na kwenye kiungo cha paja kisome 165, Farenhaiti hizo hizo. Shemeji akibisha kuhusu kukaanga, mwonyeshe picha yangu ya nyusi, nitakutumia.

Kuhusu dhambi: Rais Lincoln wa Marekani aliitangaza mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vinaendelea, kuwa siku ya kumshukuru na kumsifu Mungu. Sisi tuliokulia kwenye sikukuu ya mavuno, jogoo anapigwa mnada madhabahuni mpaka anafikia bei ya mbuzi, tunashangaa nini hapo? Sherehekeeni.

Na tukifika kwenye historia, barua ya Edward Winslow, mmoja wa wahamiaji Waingereza, kuhusu ile karamu ya 1621 kule Plymouth wanayoiita Thanksgiving ya kwanza, inasema watu wanne walitumwa kuwinda ndege, na Wawampanoag, wenyeji wa pale, wakaleta kulungu watano. Bata mzinga hakutajwa kwa jina. Kulungu watano! Yaani ningeweza kuchoma mbuzi wangu kwa amani nikabaki na nyusi zote mbili.

Hayo ya ratiba ya ibada na idadi ya wageni nitarudi kuyajibu nikitoka shifti. Kwanza nijibu hapa: ameshatoka friza?