Ule unga wa kipepeo ni nini?

SWALI: Mwanangu akishika kipepeo vidole vinabaki na unga unga, ni wa nini na ukitoka unaota tena? Mama wa Kilifi

JIBU: Dada, huo si unga bana, ni magamba, kila moja lina urefu wa kama sehemu ya kumi ya milimita na limetengenezwa na seli moja tu! Kazi inafanyika ndani ya pupa (ile hatua kati ya kiwavi na kipepeo), kwenye bawa bado bichi, seli fulani zinajitenga, kila moja inagawanyika, moja inakufa, iliyobaki inagawanyika tena zinapatikana mbili, moja gamba na nyingine kitundu cha kulishikilia. Ya gamba inazidisha DNA bila kugawanyika, inanenepa, inachomoza kama kidole halafu kinabapa, na nyuzi za aktini (aina ya protini) ndani zimejipanga mistari, ndizo zinaelekeza matuta madogo ya juu ya gamba yakae wapi. Seli ikishatoa kitini (kitu kigumu cha ganda la wadudu) inakufa, linabaki ganda kavu. Kwa hiyo likitoka ndo basi, haliwezi kuota, ila yakitoka machache kipepeo ataruka tu. Na ile bluu ya kipepeo Morpho wa Amerika Kusini (mimi hiyo ndo inanimaliza) haitokani na rangi ya bluu, ni hayohayo matuta yanavyorudisha mwanga.