Mikono ya mama yako: dawa ya maumivu haizuii mfupa kuliwa

Ndugu yangu, pole na kuuguza. Umeandika kwamba mama ana miaka 46, vidole vya mikono yote miwili vinavimba tangu mwaka jana, asubuhi hawezi kushika hata mwiko, na duka la dawa wanampa dawa ya maumivu, diklofenaki, wakisema ni gauti, aache nyama nyekundu. Ukauliza: kama akimeza anapata nafuu, hospitali kubwa ya nini?

Swali hilo niliwahi kujiuliza, nikajijibu vibaya: nilidhani nina gauti, kumbe ni baridi yabisi (rheumatoid arthritis).

Mimi ni fundi cherehani, Kariakoo. Mwaka 2017, miezi michache baada ya kujifungua mtoto wa pili, nilianza kuamka vidole vimekakamaa. Kufungua kufuli la fremu ilibidi nimwombe kijana wa jirani anizungushie ufunguo. Ikifika saa nne vinalegea, nashona, nasahau. Zahanati moja ikanipima yuriki asidi kwenye damu, ile inayoleta gauti, ikaonekana imepanda kidogo, basi nikaitwa mgonjwa wa gauti. Nyama na maharage nikaviacha karibu miaka miwili. Hali ikizidi nachomwa sindano ambayo sikuwahi kuambiwa jina lake. Uvimbe unanywea siku chache, unarudi.

Siku niliyofika kwa daktari bingwa, aliweka picha ya eksirei kwenye taa, akanionyesha kwa kifuniko cha kalamu shina la kidole cha shahada. Pembeni ya mfupa palikuwa na kishimo, kama punje ya hindi iliyoingiwa na fukusi. Kidole cha kati, hivyo hivyo. Mkono wa pili, mahali pale pale. Akaniuliza, "Mama, vidole vimekusumbua wiki hii?" Nikamjibu wiki hii sina neno, nimechomwa sindano.

Alichonieleza baada ya hapo ndicho nataka ukishike. Kiungo kina utando mwembamba kwa ndani, unaotoa ute wa kukilainisha. Kwenye baridi yabisi, kinga ya mwili inaugeukia utando huo kana kwamba ni adui. Kwa wengi mambo huanza miaka kabla ya uvimbe: mwili unatengeneza kingamwili, yaani silaha zake za kwenye damu, dhidi ya protini zake wenyewe zilizobadilika kidogo. Hizo ndizo zinazotafutwa kwenye kipimo cha anti-CCP. Seli za kinga zinajazana kwenye utando, zinachocheana kwa kemikali kama TNF na IL-6, utando unanenepa na kutambaa juu ya gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo.

Na mfupa? Mwilini tuna seli ziitwazo osteoklasti. Kazi yake halali ni kumung'unya mfupa mkuukuu kwa asidi na vimeng'enya, kisha osteoblasti zinajenga mpya. Amri ya kumung'unya inatoka kwa protini iitwayo RANKL. Utando uliovimba unaimwaga RANKL kwa wingi, TNF inaongezea nguvu, na wajenzi nao wanazuiwa kazi. Kubomoa kunaendelea, kujenga kumesimama. Huanzia pembeni, pale mfupa usipofunikwa na gegedu. Ndipo kishimo changu kilipokuwa.

Diklofenaki inatuliza maumivu na uvimbe kwa muda tu. Vita ndani ya utando inaendelea. Sindano na vidonge vya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, vinaupunguza kweli, lakini vikitumika muda mrefu bila usimamizi navyo vinadhoofisha mifupa. Na mifupa mara nyingi huanza kuharibika ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Miaka yangu miwili niliimalizia kwenye gauti ambayo sikuwa nayo.

Gauti kwa kawaida huvamia ghafla, mara nyingi kiungo kimoja, hasa kidole gumba cha mguu. Mikono yote miwili, mashina ya vidole, ukakamavu wa asubuhi unaozidi saa nzima: hapo muulizeni daktari kuhusu baridi yabisi.

Mimi natumia methotreksati, dawa ya kuituliza kinga ya mwili yenyewe, MARA MOJA KWA WIKI, pamoja na foliki asidi. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu ukiimeza kila siku inaweza kuua. Damu na ini vinapimwa mara kwa mara, na mwenye ujauzito haruhusiwi. Zipo pia sindano za kuzuia TNF, bei yake ni nzito, na lazima upimwe TB kwanza, kwa kuwa TNF hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuifungia TB iliyolala mwilini. Kwa mji wetu, hilo msilipuuze.

Vishimo vyangu havijafukiwa, ila picha za mwaka jana hazikuonyesha kipya, na uzi napitisha kwenye sindano mwenyewe.

Mkienda, ombeni vipimo vya damu: anti-CCP, faktari ya rumatoidi (kingamwili nyingine ya baridi yabisi), ESR au CRP (vya kuonyesha uvimbe mwilini), na eksirei ya mikono yote miwili hata kama ni mmoja tu unaouma. Beba pakiti za dawa zote alizokwisha meza. Na mpelekeni asubuhi na mapema, daktari avione vidole kabla havijalegea.