Nilihama Texas, deni likanifuata Minnesota

Jumamosi moja ya Februari, nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, koti sijalivua, kengele ya mlango ikalia. Nje kwenye theluji alisimama kijana asiye na sare. Akalitaja jina langu lote mpaka la ukoo, nikaitika, akanikabidhi bahasha na kwenda zake. Ndani mlikuwa na samansi ya mahakama ya Texas. Kampuni iliyonikopesha gari nilipokuwa naishi Dallas ilikuwa inanidai dola 6,480.

Gari lenyewe nililirudisha kwa mikono yangu kabla ya kuhama. Saa za kazi zilipunguzwa, marejesho yakanishinda, nikaliendesha hadi kwao na kuwaachia funguo mezani. Nikajua tumemalizana. Kumbe gari hupigwa mnada, na bei ya mnada isipofika deni, pengo linabaki kwako, pamoja na gharama zao. Wengi wetu hapa Brooklyn Park, Minnesota, tumerudisha magari kwa imani hiyohiyo, ndiyo maana naandika.

Ushauri wa kwanza niliopata nilipewa na kaka mmoja tunayesali naye, mtu anayenitakia mema kabisa. "Dada, hiyo ni mahakama ya Texas. Wewe uko Minnesota. Watakufanya nini? Iweke tu pembeni." Mtu aliyechoka hupenda kusikia hivyo. Bahasha niliiweka juu ya friji ikakaa siku tano.

Siku tano kati ya kumi na nne. Kesi yangu ilikuwa kwenye zile mahakama ndogo za Texas zinazosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000, na huko unapewa siku 14 za kujibu, kuanzia siku uliyokabidhiwa karatasi. Kwa kesi ya kawaida ya Minnesota ni siku 21. Kwa hiyo ukipokea bahasha ya namna hii, kabla hujasoma kiasi unachodaiwa, tafuta jina la mahakama na idadi ya siku, uandike tarehe ya mwisho mahali utakapoiona kila asubuhi.

Aliyeniamsha ni mama wa kituo cha msaada wa kisheria niliyempigia Alhamisi yake. Aliniambia nisipojibu, hakimu atatoa hukumu ya upande mmoja, na mdai atapewa alichoomba bila mtu kuuliza hesabu zake. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilichapisha mwaka 2020 kwamba zaidi ya asilimia 70 ya kesi za madeni huishia hivyo. Kisha akanieleza jambo lililonikausha mate. Texas hairuhusu mshahara ukatwe kwa deni la kawaida kama la gari. Minnesota inaruhusu. Ibara ya 4 ya Katiba ya Marekani inalitaka kila jimbo liheshimu hukumu za majimbo mengine, kwa hiyo wakili wao angeleta tu nakala iliyothibitishwa ya hukumu ya Texas kwa karani wa mahakama ya huku, bila kesi kusikilizwa upya, kisha akamgeukia mwajiri wangu. Sheria ya shirikisho inaruhusu kukata hadi asilimia 25 ya mshahara baada ya kodi, ingawa majimbo mengine yameweka kiwango cha chini zaidi. Kwa kuhama nilikuwa nimetoka penye kinga nikaingia pasipo na kinga, na nilikuwa najiona niko salama kwa sababu ya umbali!

Nilimuuliza, mbona wamenishtaki huko ilhali naishi huku? Sheria ya mwaka 1977 inayowabana wakusanyaji madeni inawapa sehemu mbili: ulikosaini mkataba, au unakoishi siku kesi inapofunguliwa. Mimi nilisaini Dallas. Wewe ukishtakiwa mahali ambapo hukusaini wala huishi, lisemee hilo mapema kwenye majibu yako.

Majibu yangu yalikuwa ukurasa mmoja. Namba ya kesi, jina langu, anwani yangu ya sasa, kisha kwamba nakanusha madai yote na namtaka mdai ayathibitishe. Nilituma mahakamani kwa posta ya rejista, nakala kwa wakili wao, stakabadhi nikazibana na samansi. Usiandike hadithi ya maisha yako humo, wala usiandike "ni kweli nadaiwa ila hali ni ngumu." Hayo ni maungamo, na watayatumia. Jambo jingine ni ukomo wa muda. Texas deni kama hili lina miaka 4 ya kufunguliwa kesi, Minnesota mikataba mingi ina miaka 6. Hakimu hatakufanyia hesabu hiyo, lazima uitaje mwenyewe kwenye majibu. Na mtu akikupigia simu akikubembeleza utoe hata dola 20 "kuonyesha nia njema", mwambie akuandikie barua. Katika majimbo mengi malipo madogo kama hayo huanzisha upya hesabu ya miaka hiyo.

Kisha nikadai nyaraka: mkataba wenye sahihi yangu, taarifa waliyotakiwa kunitumia kabla ya kuliuza gari, na hesabu ya mnada. Hapo ndipo sauti yao ilipobadilika. Mkataba waliuleta. Hesabu ya mnada ikaja bila tarehe. Taarifa ya kabla ya mauzo haikuonekana kabisa, nayo ni takwa la sheria. Niliomba kwa maandishi kusikilizwa kwa video, nikaruhusiwa. Niliomba na mkalimani wa Kiswahili. Usione haya kumwomba hata kama Kiingereza unakijua, kwa sababu Kiingereza cha kazini na cha hakimu ni viwili tofauti. Wiki moja kabla ya siku yenyewe wakili wao akapiga simu: dola 2,200 kwa miezi kumi na moja, kesi ifutwe na isifunguliwe tena. Nilikubali, ila senti ya kwanza niliituma baada ya kupata makubaliano yenye sahihi.

Mwenzangu mmoja wa kazini hakupata bahasha yoyote. Karatasi zake ziliachwa kwenye nyumba aliyokuwa amehama mwaka mzima nyuma, na alijua ana kesi siku mshahara ulipoingia pungufu. Hukumu kama hiyo inaweza kupingwa, na kilichomsaidia ni mkataba wa nyumba mpya, bili ya umeme na leseni ya Minnesota, vyote vya tarehe za kabla ya siku karatasi zilipoachwa kule. Tunapohama tunakumbuka kuwaarifu watu wa uhamiaji ndani ya siku 10 kwa sababu tunawaogopa. Posta nayo inakupelekea barua za kawaida kwenye anwani mpya kwa miezi 12 tu, usipolipia nyongeza. Mkopeshaji mwandikie barua ya anwani mpya, ubaki na nakala.

Hapa Minnesota kuna mtego mwingine. Kesi inaweza kuanza kwa kukabidhiwa karatasi tu, kabla haijapelekwa mahakamani, kwa hiyo haina namba. Ukimpigia karani atakuambia haioni, nawe utadhani ni matapeli. Siku zako 21 zinahesabika hata hivyo, na majibu yanakwenda kwa wakili wa mdai.

Ninaulizwa sana kuhusu jela. Deni hili ni la madai, si jinai, hufungwi kwa kutokuwa na pesa. Ila ukiamriwa na mahakama ufike ueleze mali zako, usipofika hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata kwa kudharau amri yake. Nenda.

Karatasi ya kufutwa kwa kesi ilikuja Agosti ya mwaka uliofuata. Nimeiweka kwenye bahasha ileile ya Februari, pamoja na stakabadhi zote kumi na moja, na siku hizi inakaa kwenye droo yenye pasipoti za watoto.