Kabla Hujashika Sabuni: Kwa Mnaoanza Kukusanya Maleba na Propu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa kundi letu la wakusanyaji wa maleba na propu, yaani mavazi na vifaa vilivyotumika kwenye filamu na runinga, alipanda ngazi hadi kwangu South B, Nairobi, akiwa amekumbatia helmeti iliyofungwa kwa shuka. Ni helmeti ya askari, mhusika wa pembeni katika mfululizo wa runinga wa anga za juu wa Uingereza wa miaka ya 80, na aliinunua kwa akiba ya miezi kumi na minne. Akaifunua mezani huku uso umemchanua. Helmeti ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Alikuwa ameipiga msasa kote, kisha akaipulizia rangi ya fedha aliyonunua Kirinyaga Road, kwa sababu, alisema, ile ya zamani ilikuwa imechubuka na haikufanana na ya kwenye runinga. "Shangazi, umeionaje?" Nilienda jikoni kuinjika chai, nikakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji kuchemka.

Huyu ni wa nne mwaka huu. Kabla yake kuna aliyebandika selotepu kwenye barakoa ya mpira, aliyetundika joho la sufu kwa hanga ya waya karibu na dirisha, na dada mmoja mwerevu sana aliyekata lebo ya ndani ya suruali kwa sababu ilikuwa inamwasha alipoijaribu. Aliijaribu! Nawapenda, na mnajua nawapenda, lakini nimechoka kusema jambo moja kwa mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo naandika. Kulinganisha na fremu mnakujua: kukiweka kitu kando ya picha moja moja za kipindi, kuona kama ni kilekile.

1. Rangi ya kwenye runinga si rangi ya kitu. Chukueni Star Trek ya kwanza, mfululizo wa anga za juu wa Marekani wa 1966 hadi 1969. Muulize yeyote shati la Kapteni Kirk lilikuwa rangi gani, atakwambia dhahabu. Kitambaa chenyewe kilikuwa kijani kinachoelekea parachichi. Taa za studio na mkanda wa filamu ndizo zilizokigeuza. Mtu akiletewa shati lile leo bila kujua hilo, atasema limechujuka au ni bandia, na akiwa na haraka kama ya kijana wangu atalipeleka kwa mtu wa kutia rangi. Tena mashati ya misimu miwili ya kwanza yalikuwa ya veluri, kitambaa laini kama mahameli, na yalinywea kila yaliposafishwa, hadi msimu wa tatu wakahamia nailoni. Shati lililokaza mabegani linakueleza limesafishwa mara ngapi. Ukilivuta likae sawa, umefuta hesabu hiyo.

Hata wataalamu huteleza hapa. Modeli kubwa ya Enterprise, chombo cha anga cha Star Trek, ile ya mita 3.4, ilikabidhiwa jumba la makumbusho la anga la Smithsonian kule Washington mwaka 1974. Ilipokarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 90 ilipakwa rangi upya, na mashabiki walilalamika kwa miaka kwamba mistari na vivuli vimezidi. Walipoirudia, kazi iliyokamilika 2016, kilichowaokoa ni kwamba sehemu ya juu ya lile sahani kubwa la mbele ilikuwa haijaguswa. Rangi ya asili ilikuwa bado ipo pale, wakaisoma, wakaifuata. Kipande kimoja ambacho mtu fulani alikiacha kama kilivyo ndicho kilichofaa kuliko werevu wote uliopita juu ya vipande vingine.

2. Upande usiokamilika uacheni usikamilike. Modeli hiyohiyo, upande wake wa kushoto haukumaliziwa, maana nyaya za taa zilipitia huko na kamera ilipiga upande wa kulia. Mafundi wa runinga hawana muda wala pesa za kupamba kisichoonekana. Ukikuta mgongo wa silaha yako ya maigizo ni ubao mtupu wenye hesabu za penseli, usiupake rangi. Furahi. Bandia nyingi nilizoshika zilikuwa nadhifu pande zote.

3. Sasa hili ndilo lililonifanya nikae jikoni.

Mwaka 2009 nilinunua koti langu la kwanza la kweli. Lilitoka kwenye mnada mdogo Uingereza, mfululizo wa miaka ya 70, na karatasi ya mauzo ilisema ni vazi la mhusika wa pembeni. Pauni 140. Binamu yangu aliyekuwa akisoma kule alilichukua, akakaa nalo chini ya kitanda miezi mitano hadi alipopata mtu wa kuja nalo. Kijivu, mabega yameinuliwa kwa sponji na kufunikwa ngozi bandia, kola imesimama. Lilinuka jasho la mtu na sigara. Kwenye kola, upande wa kushoto chini ya sikio, kulikuwa na doa la rangi ya tofali, na ndani kulikuwa na lebo ya kitambaa yenye maandishi ya wino, jina na nambari, wino wa kalamu ya zamani ulioanza kufifia. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Mama alikuwa amekuja kutoka Machakos wiki hiyo. Alilinusa akauliza kama limefukuliwa kaburini. Lakini wazo la kulifua lilikuwa langu, sitamtwika yeye. Nilikuwa nataka kulipeleka kwenye mkutano wa kundi Jumamosi likiwa safi, kama mtu anavyompeleka mtoto kanisani. Nikajaza beseni maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, nikalizamisha. Maji yakageuka rangi ya chai, halafu rangi ya tofali. Nakumbuka nilifurahi. Nilimwita mama aone uchafu unavyotoka. Tukalisugua kola kwa brashi. Kisha tukalikamua kwa mtindo wa blanketi, mimi nikishika huku, yeye kule, kila mtu akizungusha upande wake, na nikasikia ndani ya bega kitu kikisagika kama biskuti. Nikalianika barazani. Ilikuwa Januari, na mnalijua jua la Januari katika mji ulioinuka karibu mita 1,800: linachuja rangi ya kanga kabla ya saa sita. Jioni nilipolianua, mabega yalikuwa yameanguka. Niliposhika ukingo, vumbi la manjano lilimwagika sakafuni. Kifungo cha tatu nilikikata nikakishona upya kwa uzi wa kijivu. Lebo ilikuwa nyeupe.

Sikujua bado kwamba nimefanya kosa. Nililipiga pasi.

Katika kundi letu alikuwepo mzee mmoja, fundi saa wa River Road, mungwana asiyepandisha sauti. Nilipomwambia miezi kadhaa nyuma kwamba nimeshinda mnada, alitafuta vipindi vya mfululizo ule akaanza kuvitazama, kimoja kimoja, fremu kwa fremu, usiku baada ya kufunga kibanda. Hakuniambia. Jumamosi ile alikuja na kompyuta yake na fremu tatu alizozihifadhi. Akazifungua mbele yangu. Mwigizaji amegeuka kidogo, kola imesimama, na chini ya sikio la kushoto kuna doa lenye umbo la harage. Vipodozi vya shingoni, vile vya mafuta, vilivyosuguana na kola siku nzima ya kazi. Fremu ya pili: kifungo cha tatu, uzi wa rangi nyingine. Halikuwa koti la mhusika wa pembeni hata kidogo. Waliouza hawakujua walichonacho. Mzee alikuwa amelitambua akiwa River Road, kabla hata hajalishika.

"Doa liko wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimelifua. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaomba aone lebo. Akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akairudisha. Halafu akauliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu siku hiyo: "Na yale maji, uliyamwaga wapi?"

Niliyamwaga kwenye mtaro wa nyuma ya jengo. Alijua hayarudi. Aliuliza tu.

Wiki iliyofuata alikuja na ile taa ndogo ya urujuani wanayotumia madukani kukagua noti bandia, aliyoiazima kwa jirani yake mwenye duka la M-Pesa. Tukajifungia chumbani, tukazima taa, tukaimulika lebo. Herufi mbili zilijitokeza. Mbili, kati ya saba au nane. Zilioana na jina la mwigizaji, lakini herufi mbili huoana na majina mengi. Tangu hapo koti langu ni koti "linalosemekana". Lile vumbi la sponji nililizoa, liko kwenye kichupa chenye maandishi na tarehe. Uzi wa kifungo sikuupata.

Kuna vazi jekundu la Uhura, mhusika wa Star Trek, lililovaliwa na Nichelle Nichols, na jina lake lilitoka kwenye neno letu uhuru. Limehifadhiwa Washington katika jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi. Mara nyingine usiku huwaza: vazi lile lingeangukia mikononi mwangu mwaka 2009, ningelijazia beseni. Kwa mapenzi yote.

Kwa hiyo: kwanza piga picha, ndani na nje, kila doa na kila mshono, kabla hujagusa kitu. Jasho, vipodozi, tundu, kiraka cha haraka, hizo ndizo sahihi za siku ya kazi. Uchafu ukishajulikana ni nini, ndipo tutakaa pamoja tuamue kama unatoka. Vumbi la stoo linaweza kufyonzwa taratibu kwa mashine yenye nguvu ndogo, bomba likiwa limefunikwa wavu. Basi.

4. Mengine ni mafupi, nanyi mnayasahau kwa sababu ni mafupi. Toa betri kwenye kifaa leo hii. Selotepu, raba bendi na pini za chuma zisikaribie kitambaa. Laza vazi zito, usilitundike. La kutundikwa litengenezee hanga nene ya pamba inayojaza bega. Funika kwa marekani iliyofuliwa na kusuuzwa mara kadhaa bila dawa ya kulainisha nguo, si kwa nailoni, maana mvua za Machi hadi Mei zitakufugia ukungu humo ndani. Ngozi bandia ya plastiki ikianza kunata, itenge na wenzake. Barakoa za mpira laini zitakauka na kupasuka upende usipende, unachoweza ni kuzichelewesha: giza, ubaridi, na umbo la kuzishikilia ndani zisijikunje.

Nondo wakiingia kwenye sufu, usipulize dawa. Funga vazi ndani ya mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, kisha uliache lirudie joto la chumba kabla hujafungua mfuko. Mimi nilitumia friza ya jirani anayeuza samaki. Asubuhi ya tatu alipiga hodi akiuliza kwa heshima yule mtu wa fedha aliyelala juu ya mbuta atatoka lini, kwa sababu wateja wanaogopa.

5. Ushahidi. Kifaa kufanana na cha kwenye fremu hakutoshi. Baadhi ya vifaa vya daktari wa Star Trek vilikuwa vichupa vya chumvi vya mezani, na mkono wa Dalek, yule adui wa mfululizo wa Uingereza Doctor Who, wa 1963 ulikuwa ile raba ya kuzibulia sinki. Vitu vya dukani vilitengenezwa kwa maelfu, na chako huenda kilitia chumvi viazi vya mtu maisha yake yote. Tafuta mkwaruzo, mshono, karatasi, jina la aliyekishika kabla yako.

Na uwe na daftari la kuazimana. Modeli ya kwanza kabisa ya Enterprise, ile ndogo ya chini ya mita moja, mwenyewe, Gene Roddenberry aliyeibuni Star Trek, aliiazimisha miaka ya 70, ikapotea. Iliibuka kwenye mnada wa mtandaoni 2023, na mwaka uliofuata ikarudi kwa mwanawe, mwenyewe akiwa amefariki tangu 1991. Nani amechukua, lini, atarudisha lini, sahihi. Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi, maana umri umesonga.

Sasa wewe mwenye helmeti. Ulinywa chai yako kimya ukaondoka kimya, na najua uliuona uso wangu. Rudi Jumamosi. Usiikwangue hiyo rangi mpya, usiipake dawa yoyote ya kuiondoa. Njoo na kopo ulilotumia, nisome imechanganywa na nini. Ndani, chini ya povu la kichwani, sidhani kama msasa ulifika; tutaangalia hapo kwa tochi. Na zile karatasi za msasa ulizotumia, njoo nazo zote, hata zilizochanika, kila moja kwenye bahasha yake. Vumbi lililoshika humo ndilo rangi ya asili. Kama umeshazitupa, nipigie leo uniambie ni pipa gani, na gari la taka hupita kwenu siku gani.